Mzee Huheshimiwa, Kuzeeka Hakusomwi: Nafasi ya Idara za Kiswahili katika Kuwavuta Wanafunzi

1.0 Utangulizi

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu nchini Tanzania watu takriban milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, nao walikuwa asilimia 5.6 ya watu wote. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu takriban milioni 3.5, sawa na asilimia 5.7. Anayesoma asilimia peke yake ataona kuwa hakuna lililobadilika, na pengine ndivyo wanavyosoma wapangaji wengi wa mitaala. Anayehesabu vichwa ataona kuwa katika muda wa miaka kumi wazee wameongezeka kwa takriban milioni moja. Watu hao huugua, hudai mafao, huandika wosia, hulea wajukuu walioachwa na wazazi wao, na husimulia. Wanaohitajika kuwahudumia kwa ujuzi ni wengi kuliko wanaofundishwa kufanya hivyo.

Hata hivyo, kijana anayemaliza kidato cha sita haombi shahada inayohusu uzee. Huomba sheria, udaktari, uhasibu au ualimu, na mara nyingi hajapata kusikia kuwa uzee ni jambo linaloweza kusomewa shahada. Hali hii si ya Afrika Mashariki pekee. Chuo kikuu cha University of Southern California kilifungua skuli yake ya jerontolojia mwaka 1975, na vyuo vingine vya Marekani na Ulaya vikafuata njia hiyo. Lakini huko nako walimu wa taaluma hii hulalamika kuwa wanafunzi huifikia kwa kubahatisha, baada ya kwanza kuchagua kitu kingine.

Tiba inayopendekezwa kwa kawaida ni ya namna mbili: kuongeza matangazo, na kuahidi ajira. Makala haya yanadai kuwa tiba hizo zinaanzia mahali pasipofaa. Kijana hawezi kuvutwa kwenye jambo ambalo lugha yake inampa sababu ya kulikimbia, wala si haki kumtaka aingie katika shahada ambayo mwajiri hajaitambua. Njia ya karibu zaidi ni kuupeleka uzee ndani ya masomo ambayo vijana wamekwisha kuyachagua. Miongoni mwa masomo hayo, lililo tayari kuliko mengine ni lile ambalo halitajwi kamwe katika mijadala ya aina hii, nalo ni Kiswahili.

2.0 Mzee, Uzee na Jina la Taaluma

Neno mzee ni miongoni mwa maneno yenye heshima kubwa katika Kiswahili, na halimtaki mtu awe na mvi. Mkuu wa ofisi mwenye miaka 40 huitwa mzee na dereva aliyemzidi umri. Kanisani kuna mzee wa kanisa, mahakamani kuna wazee wa baraza. Jomo Kenyatta aliitwa Mzee, na Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyefariki mwaka 2024, aliliridhia jina la Mzee Rukhsa hata likawa jina la kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2021. Mzizi huo huo ukihamishwa ngeli, heshima hupungua. Uzee ni hali ambayo watu huombeana kuifikia, lakini akiifikia mtu huionea haya. Kizee ni tusi au ni jirani wa tusi. Inafaa pia kutazama jinsi ukali wa maneno ulivyogawanywa: ajuza na kizee humwangukia mwanamke, na shaibu, ambalo ni la mwanamume, vijana wengi wa leo hawalijui.

Neno kikongwe lataka kuangaliwa kwa utulivu zaidi, kwani hapo isimu inagusa damu. Kwa miaka mingi vyombo vya habari vya Tanzania vimeripoti mauaji ya vikongwe katika maeneo ya Shinyanga, Mwanza, Geita na Tabora. Walio wengi kati ya waliouawa ni wanawake walioshukiwa uchawi, na mara nyingine ushahidi uliotolewa dhidi yao ulikuwa macho mekundu, ambayo asili yake ni moshi wa kuni na wa samadi kavu waliyopikia maisha yao yote. Mwanamke ambaye mwaka uliotangulia alikuwa bibi wa fulani, mama wa fulani na shangazi wa fulani, huingia katika habari akiwa kikongwe. Neno halisemi ana watoto wangapi, wala halisemi kuwa ni mwanamke. Linasema umri tu. Hakuna anayedai kuwa neno ndilo lililoua. Lakini neno hilo limerahisisha kazi ya kuvihesabu vifo hivyo kama vifo vya kundi la watu ambao muda wao ulikuwa umekwisha kufika. Kijana wa sekondari hukutana na uzee katika habari kwa sura hiyo, kisha hutarajiwa avutiwe nao afikapo chuoni.

Katika mazingira hayo, jina la taaluma si pambo. Istilahi ya kimataifa ilibuniwa mwaka 1903 na mwanasayansi Élie Metchnikoff kutokana na mizizi ya Kigiriki, na kuitohoa kuwa jerontolojia ni jambo jepesi. Umbo hilo linafanana na ndugu zake, saikolojia na sosholojia, na litafaa kwa wataalamu wanapozungumza wao kwa wao. Kasoro yake ni kuwa halimwambii lolote mzazi atakayelipa ada. Elimu ya wazee ni jina jepesi kusemeka, ila lina utata unaojulikana wa kihusishi cha -a: laweza kuwa elimu inayowahusu wazee au elimu wanayopewa wazee. Katika nchi iliyoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, maana ya pili ndiyo inayotangulia kuingia masikioni. Msichana atakayewaambia jamaa zake kuwa amechaguliwa kwenda kusomea elimu ya wazee ataulizwa kama anakwenda kufundisha ngumbaru. Ustawi wa wazee nalo ni jina linalomfanya mzee awe mtu wa kusaidiwa tu, na linamezwa na fani ya ustawi wa jamii ambayo tayari ina wenyewe. Elimuuzee lina umbo la istilahi linalokubalika, lakini irabu mbili zinazofuatana humkwaza msomaji, na bado linautaja uzee kama kitu kilichokamilika, kilichokaa mbali na anayekisoma.

Jina linaloelekea kufaa zaidi ni Taaluma ya Kuzeeka. Kitenzi zeeka hutaja mwendo, na wazungumzaji wa Kiswahili wana mazoea ya kukitumia katika hali timilifu: amezeeka, kama wasemavyo embe limeiva. Kukirudisha katika umbo la kitenzi-jina ni kukifungua tena. Mwanafunzi wa miaka 21 si mzee, lakini hakuna anayeweza kukana kuwa anazeeka. Vijana wa Tanzania wenyewe wana msemo wao wa mitaani, fainali uzeeni, ambao hutumika kwa kejeli na kwa kujitapa, hasa mtu anapotaka kumwambia mwenzake asitambe mapema. Msemo huo una falsafa nzima ya taaluma hii ndani yake. Wanaousema wanajua kuwa mechi inachezwa sasa. Hawajapata kuambiwa kuwa chuo kikuu kinaweza kuwafundisha sheria za mchezo.

3.0 Swali la Ajira

Mwanafunzi anayeuliza ataajiriwa wapi hastahili kukemewa. Nyuma yake yupo mzazi aliyeuza ng'ombe au kiwanja, na mbele yake lipo deni la Bodi ya Mikopo. Utumishi wa umma huajiri kwa kufuata miundo ya utumishi, ambayo hutaja vyeo na sifa za elimu zinazotakiwa kwa kila cheo. Shahada isiyotajwa humo humfanya mwenye nayo abaki akieleza kila mahali kuwa alichosoma kinafanana na kile kilichotajwa. Kumshawishi kijana abebe peke yake hatari hiyo, kwa hoja kwamba wazee ni hazina ya taifa, ni kumdanganya. Ndiyo maana shahada nzima ya kuzeeka, inayosimama pekee tangu mwaka wa kwanza, huenda ikawa mwisho mzuri lakini ni mwanzo mbaya. Shahada iliyokwisha kutambuliwa, yenye kozi kadhaa za kuzeeka ndani yake, haimnyimi kijana kitu.

Kazi zenyewe hazikosekani, ijapokuwa hazina jina hilo mlangoni. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Kuna makazi ya wazee Nunge huko Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro na Kolandoto mkoani Shinyanga; Zanzibar kuna Sebleni, Welezo na Limbani. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wenye miaka 70 na zaidi, ambayo kiwango chake cha kwanza kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya, ambayo katiba yake ya mwaka 2010 ina kifungu cha 57 kuhusu haki za wazee, ilipanua mpango wa Inua Jamii mwaka 2018 ili uwafikie raia wa umri huo huo. Mipango hii yote huendeshwa kwa fomu, mikutano ya vijiji, barua, maelezo ya mdomo na malalamiko. Kwa maneno mengine, huendeshwa kwa lugha, na inaposhindwa mara nyingi lugha ndiyo hushindwa kwanza.

Mfano ulio wazi ni kikokotoo. Neno hili lilitungwa kwa unyambuzi wa kawaida kabisa, na kwa muda mrefu liliishi kwa amani likimaanisha kifaa au kanuni ya kukokotolea hesabu. Mwaka 2018, baada ya mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma kuunganishwa kuwa PSSSF, kanuni mpya ziliweka mafao ya mkupuo kuwa asilimia 25, na neno kikokotoo likageuka kuwa jina la hofu. Mwezi Desemba mwaka huo Rais John Magufuli alisitisha kanuni hizo. Mwezi Julai 2022 kikaanza kutumika kikokotoo cha asilimia 33. Katika miaka hiyo yote walimu, wauguzi na askari waliokaribia kustaafu waliuliza maswali ambayo majibu yake yalikuja kwa lugha ya sheria na takwimu. Watu waliofundisha hesabu kwa miaka thelathini hawakuelewa hesabu ya maisha yao wenyewe. Mhitimu mwenye kuijua lugha ya Kiswahili barabara, anayeelewa pia maisha ya mstaafu hujengwaje, angekuwa na kazi ya kutosha katika jambo hilo moja.

4.0 Mambo Ambayo Idara za Kiswahili Zinayo Tayari

Wanaisimu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakifanya kazi na wazee tangu zamani bila kuutambua uzee wao. Vitabu vya mbinu za utafiti wa lahaja hushauri atafutwe mzee wa kijijini, asiyesafiri sana, na mwenye meno. Ushauri wa meno una sababu yake ya kifonetiki, na hakuna wa kuucheka. Lakini unaonyesha bayana mzee alitazamwa kwa jicho gani. Alikuwa chanzo cha sauti. Mtafiti alirekodi msamiati, akanakili ngano, akashukuru, akaondoka. Na yule mzee akabaki na goti lake, na mgogoro wake wa shamba, na miwani iliyovunjika mwaka juzi. Kanda zilizojaa katika makabati ya idara na taasisi ni akiba kubwa ya mazungumzo ya wazee. Zimesikilizwa kwa ajili ya viambishi. Hazijasikilizwa ili kujua wazungumzaji walisema nini kuhusu umri wao.

Umuhimu wa lugha katika taaluma hii unaonekana vizuri zaidi Hai, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2009 na 2010 watafiti waliwachunguza huko watu zaidi ya elfu moja wenye miaka 70 na zaidi ili kujua ni wangapi wenye demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayoondoa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Makadirio yaliyotokana na kazi hiyo yalikuwa asilimia 6.4. Vipimo vilivyozoeleka Ulaya na Marekani humtaka mgonjwa aandike sentensi, aendeleze neno kinyumenyume, na atoe saba kutoka mia mara kadhaa. Mzee ambaye hakuwahi kukaa darasani huanguka katika maswali hayo hata kama akili yake ni timamu, kwa kuwa kinachopimwa ni shule na siyo ubongo. Kwa hiyo kazi ya Hai ilizaa kipimo kingine kifupi. Mzee huulizwa kiongozi wa kijiji chake ni nani, daraja ni kitu gani, na wanyama wangapi anaweza kuwataja kwa muda mfupi; hupewa njiti za kiberiti azipange kwa mfano alioonyeshwa; na huombwa ayakumbuke maneno kumi aliyosomewa awali.

Kila kipengele cha kipimo hicho ni swali la isimu. Maneno kumi yatakayokumbukwa yachaguliwe vipi ili yawe na urefu unaolingana na yawe ya kawaida kwa usawa? Mzee wa Machame aliyeanza kusema Kichaga, kisha akajifunza Kiswahili sokoni na kanisani, asomewe maneno hayo kwa lugha ipi? Akitaja wanyama sita kwa lugha moja na watano kwa nyingine, ahesabiwe wangapi? Akieleza daraja kwa methali, je, amejibu au amekwepa? Daktari hakufundishwa kujibu maswali haya. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa isimu ya Kiswahili amefundishwa angalau kuyauliza. Na jibu lina uzito wake, kwa sababu nyumba ambayo haina neno la maradhi hulitafutia neno jingine: huyu amechanganyikiwa, amerudi utotoni, amerogwa, au yeye mwenyewe ndiye mrogaji. Umbali kati ya maneno hayo na habari za Shinyanga si mkubwa.

Jambo la pili ni tasfida. Kiswahili kimejaa njia za kuusema mwili bila kuutaja, na wazee ndio mafundi wake. Mwanamume wa miaka 75 anayesema nguvu zimepungua anaweza kuwa anazungumzia miguu, chakula, ndoa, au fedha. Anayesema haja ndogo inamsumbua ametaja dalili ambayo pengine ni ya tezi dume, lakini ameitaja kwa namna inayomruhusu arudi nyuma iwapo muuguzi hakumwelekea vizuri. Muuguzi huyo aghalabu ni msichana wa umri wa mjukuu wake. Ameamkia shikamoo, ameitikiwa marahaba, na kwa maamkizi hayo mawili mlango wa kuuliza habari za kibofu umefungwa kwa adabu. Hospitali nyingi zimeweka dirisha la wazee, na ni jambo jema. Dirisha hupunguza foleni. Halifundishi maneno ya kusemea hapo.

Utamaduni wenyewe, hata hivyo, una ufunguo wa mlango huo, nao ni utani. Katika jamii nyingi za Tanzania babu humwita mjukuu wake wa kike mchumba au mke mdogo, na bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake. Chini ya kivuli cha utani huo husemwa mambo ambayo baba na mwana hawawezi kuyasema: mambo ya mwili, ya ndoa, ya deni, ya kifo. Wanaanthropolojia wameandika mengi kuhusu utani kama mfumo wa ukoo na makabila. Ni nadra sana kuufikiria kama mbinu ya kumhoji mgonjwa. Mwanafunzi anayeujua mpaka wake, anayejua lini mzee anatania na lini ameacha kutania bila kubadili sauti, ana ujuzi ambao haupatikani katika kitabu chochote cha uuguzi kilichotafsiriwa. Ujuzi huu vijana wengi huja nao chuoni kutoka nyumbani, hasa waliolelewa na bibi zao. Chuo huwafundisha kuuacha mlangoni, kisha miaka mitatu baadaye hulalamika kuwa hawapendi mambo ya wazee.

Hapo ndipo ilipo hoja kubwa ya makala haya kuhusu kuvutia wanafunzi. Mtu huvutwa na jambo ambalo tayari anaona ana uwezo nalo. Taaluma ya kuzeeka ikiletwa kama tawi la tiba, kijana aliyesoma sanaa hujiona yuko nje. Ikiletwa kama kazi ya huruma, huhisi kuwa anaombwa sadaka. Ikiletwa kama elimu ya mazungumzo kati ya watu waliotengwa na miaka hamsini, anagundua kuwa amekuwa akiifanyia mazoezi tangu utotoni.

5.0 Namna ya Kuanza

Kuna msemo maarufu unaomfananisha mzee wa Kiafrika anayefariki na maktaba iliyoungua. Umetumika sana katika mikutano, na umefanya kazi nzuri katika kutetea fasihi simulizi. Kwa suala linalojadiliwa hapa una madhara. Maktaba haiumwi mgongo, wala haibishani na msomaji. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa mzee ni maktaba humwendea ili kuazima, na huchoka upesi akikuta kitabu kinasahau kurasa zake. Kozi ya kuzeeka haina budi kumfundisha avutiwe na usahaulifu wenyewe: mzee anaacha majina kwanza au vitenzi kwanza, anarudia hadithi gani na kwa nini hiyo, anarudi lini katika lugha ya mama yake.

Historia ya Kiswahili inao mfano bora zaidi wa mzee katika uhusiano na chuo kikuu. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alijifunza ushairi kwa nyanya yake. Hakuwa na shahada iliyompeleka kwenye uhadhiri, lakini wataalamu kutoka Nairobi hadi Ulaya walikwenda kwake. Utenzi wake kuhusu jahazi la Lamu, Sambo ya Kiwandeo, ulichapishwa Leiden mwaka 1979. Alibuni istilahi, na baadhi yake, kama runinga na tarakilishi, zimeingia katika midomo ya wanafunzi wa Kenya wasiojua zilikotoka. Nabhany hakutoa tu yaliyopita. Katika miaka ambayo wengine hustaafu alikuwa akivipa majina vitu vipya. Vijana waliosoma kwake waliona mzee anayefanya kazi, na huo ndio mvuto ambao hakuna tangazo la gazetini linaloweza kuutoa.

Idara ya Kiswahili inayotaka kuanza haihitaji kusubiri skuli mpya wala jengo. Kozi moja ya lugha na kuzeeka, katika mwaka wa pili, iliyo wazi kwa wanafunzi wa uuguzi, sheria na ustawi wa jamii pia, yatosha kuonyesha kama hamu ipo. Kazi ya kozi iwe ni mazungumzo: mwanafunzi na mzee mmoja kwa muhula mzima, si wazee kumi kwa siku moja. Mazungumzo yanakiliwe kwa uangalifu ule ule unaotumika katika isimu, pamoja na vituo, vicheko na marudio, kisha yafikishwe mahali yanapoweza kumfaa aliyezungumza, iwe ni zahanati, ofisi ya pensheni au baraza la ardhi, endapo ameridhia. Mwalimu wa tiba aalikwe kueleza demensia. Mwalimu wa sheria aeleze mirathi. Mwaka wa tatu, wale waliopenda waandike tasnifu zao za shahada ya kwanza katika eneo hilo. Baada ya miaka mitano chuo kitakuwa na wahitimu mia kadhaa, wenye shahada ambazo kila mwajiri anazijua, na ambao wamewahi kumsikiliza mzee kwa miezi minne. Kutoka kwa hao ndipo watapatikana wanafunzi wa shahada ya uzamili ya kuzeeka, na hoja ya kuitaka miundo ya utumishi iwataje itakuwa na watu wa kuisimamia.

Vikwazo vipo, na kikubwa si fedha. Ni dharau iliyomo ndani ya vyuo vyenyewe, ambavyo vina wahadhiri waandamizi na maprofesa wengi walio karibu zaidi na kustaafu kuliko na siku yao ya kuajiriwa, lakini ambavyo havipendi kukumbushwa. Mapendekezo ya kozi kama hii huelekea kurudishwa na maswali ya mipaka: hili ni la sosholojia, hili ni la tiba, Kiswahili kinatafuta nini hapa? Swali hilo lijibiwe kwa kuonyesha rekodi moja ya mzee akijaribu kumweleza muuguzi anapoumwa.

Limebaki suala la malipo. Mzee atakayezungumza na mwanafunzi kwa muhula mzima anafanya kazi ya kufundisha, na soda na sabuni za shukrani hazitoshi. Mhadhiri mgeni mwenye shahada hulipwa kwa saa, kwa kiwango kinachojulikana na mhasibu. Kanuni za fedha za vyuo vingi hazina safu ya mwalimu asiye na cheti, na hadi sasa watafiti huliweka jina la mzee chini ya kifungu cha wasailiwa, karibu na nauli na betri. Kubadili safu hiyo kwapaswa kutangulia kutangaza kozi, kwa sababu wanafunzi huona haraka sana nani analipwa katika chuo na nani anashukuriwa.